Kilimani na Mtaani: Maadili ya Shule ya Sekondari na Nafasi ya Kiswahili Jijini Bujumbura tangu 1952

Utangulizi

Shule ya sekondari hutangaza mambo mawili. Hutangaza kile mwanafunzi anachopaswa kukijua, na hutangaza aina ya mtu anayetarajiwa kutoka mlangoni mwake. La kwanza tunalisoma katika mihtasari na mitihani. La pili limetawanyika: limo katika kanuni za bweni, katika hotuba za mkuu wa shule siku ya kufungua mwaka, katika ripoti za mwisho wa muhula, na pia katika lugha ambayo mambo hayo yote husemwa. Wanahistoria wa elimu katika Burundi wameandika mengi kuhusu nani aliingia shuleni na nani alizuiwa. Lugha ya maadili yenyewe haijashughulikiwa sana, na ndiyo inayojadiliwa hapa.

Hoja yetu ni kwamba shule ya sekondari ya Bujumbura, tangu enzi ya ukoloni, ilijengwa juu ya mgawanyo wa lugha ambao pia ulikuwa mgawanyo wa tabia. Kifaransa kilipewa akili, Kirundi kikapewa heshima, na Kiswahili kikaachiwa ujanja. Mgawanyo huo haukuwa na msingi katika lugha zenyewe, na historia ya jiji imeukanusha zaidi ya mara moja. Hata hivyo umeendelea kuishi, na tunaona dalili zake hata katika namna Kiswahili kilivyorudishwa darasani baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Kolegi ya Kiriri

Kabla ya miaka ya 1950, kijana wa Burundi aliyeandaliwa kwa kazi za utawala alipelekwa nje ya nchi yake, Astrida, mji ambao leo unaitwa Butare au Huye, Rwanda. Huko Mabruda wa Upendo kutoka Ghent waliendesha shule iliyoanzishwa mwaka 1929, ikipokea hasa watoto wa machifu kutoka Rwanda na Burundi. Waliohitimu waliitwa Indatwa, yaani wanaojivuniwa. Jina hilo linatosha kueleza matarajio ya shule: tabia njema ilieleweka kuwa tabia ya mtu aliyetengwa na wengine ili awaongoze. Kwa upande wa Kanisa, njia nyingine ya elimu ya juu ya msingi ilikuwa seminari ndogo, na ya Mugera ndiyo iliyotangulia.

Mwaka 1952 Wajesuiti walifungua kolegi Usumbura, makao makuu ya eneo la Ruanda-Urundi. Iliitwa Collège Interracial du Saint-Esprit, yaani Kolegi ya Roho Mtakatifu ya watu wa rangi zote. Sehemu ya jina inayohusu rangi haikuwekwa kama pambo. Katika mji ambamo Wazungu, Waasia na Waafrika waliishi mitaa tofauti kwa mujibu wa kanuni, kuwaweka vijana wao kwenye dawati moja kulikuwa tamko la maadili kabla ya somo lolote kufundishwa. Majengo yake yalisimama kwenye kilima cha Kiriri, juu ya mji, yakitazama Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi.

Wajesuiti hawakubuni malezi ya shule hiyo siku ile. Walikuja na urithi wa karne kadhaa, ambao chimbuko lake la kimaandishi ni mwongozo wao wa masomo uliotolewa mwaka 1599, uitwao Ratio Studiorum. Mwongozo huo unadai mengi yanayofahamika kwa kila mwalimu wa zamani: kurudia somo kila siku, mashindano ya heshima baina ya wanafunzi, uigizaji, ufasaha wa kusema, na mwalimu kumjua kila kijana kwa nafsi yake. Pia unaagiza kwamba wanafunzi wazungumze Kilatini, na lugha ya nyumbani isitumike katika mambo ya darasani. Tunalitaja hili kwa sababu wengi hudhani kuzuia lugha ya mama shuleni ni uvumbuzi wa ukoloni Afrika. Mtoto wa Kiitaliano au wa Kireno wa karne ya 17 naye aliambiwa kwamba hawezi kuwa mtu kamili katika lugha ya mama yake. Kilichofanyika Usumbura ni kwamba kiti cha Kilatini kilikaliwa na Kifaransa, na tofauti ni kubwa: Kilatini hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote darasani, ilhali Kifaransa kilikuwa lugha ya nyumbani ya baadhi. Shule ya rangi zote ilikuwa na lugha ya rangi moja.

Neno "Mswahili"

Chini ya kilima hicho kulikuwa na mji mwingine. Usumbura ulikua kutoka kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwanzo uliunganishwa na Ujiji, Kigoma, Uvira na pwani kwa biashara na kwa dini. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wa Afrika Mashariki yao yote. Wabelgiji walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikirithi kwa muda, kisha wakakiacha wakielekea Kirundi na Kifaransa. Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, walichagua kuhubiri kwa Kirundi. Kwao Kiswahili kilinuka Uislamu. Matokeo yake Kiswahili kilibaki lugha ya mji: ya soko, ya bandari, ya askari, ya karakana, na ya msikiti. Buyenzi, mtaa ambao wakazi wake waliitwa Waswahili, ukawa makao yake.

Katika Kirundi cha kila siku, neno umuswahili lilipata maana ambayo kamusi huisema kwa haya. Ni Mwislamu, ni mtu wa mjini, na pia ni mjanja, msema maneno mengi, mtu usiyemkopesha pesa. Mtoto wa vilimani aliyeshuka kusoma jijini alionywa asiige Uswahili, na onyo hilo halikuhusu sarufi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Buyenzi aliyepata nafasi ya sekondari alikuta kwamba lugha ya nyumbani kwake ilikwisha kuhukumiwa kabla yeye hajafungua mdomo. Shule haikuhitaji kuandika katazo lolote. Ilitosha kwamba Kiswahili hakikuwa na mahali ambapo neno "adili" lingeweza kutamkwa nacho.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kushangaa. Mwaka uleule wa 1952 ambao kolegi ya Kiriri ilifunguliwa, Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze, hadithi ambayo jina la mhusika wake mkuu ni tangazo la maadili. Karibu karne moja kabla, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha kuhusu mwenendo. Lugha iliyodhaniwa Usumbura kuwa haina uti wa mgongo ilikuwa na mojawapo ya mapokeo makongwe zaidi ya maandishi ya malezi katika eneo lote la Maziwa Makuu na pwani. Mapokeo hayo hayakupanda kilima. Hata watoto wa Buyenzi waliyapata kwa vipande, kupitia madrasa, ambako neno adabu lilikuwa na uzito ambao shule ya serikali haikuutambua.

Aliyeelewa mapema nguvu ya mtaa alikuwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyesoma Astrida na baadaye Ubelgiji. Aliporudi, mwaka 1957 alishiriki kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na kupitia ushirika huo alijenga uhusiano wa karibu na wafanyabiashara Waislamu na Waswahili wa Usumbura. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusimama naye katika chama cha UPRONA, wanaume na wanawake. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 kwa kupata viti 58 kati ya 64, na Rwagasore akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni dogo: mhitimu wa shule ya wanaojivuniwa alikwenda kutafuta wenzake wa kisiasa mahali ambapo shule hiyo ilifundisha kwamba hapana uaminifu.

Kurera na kulea

Tunaomba kusimama kidogo kwenye maneno, kwa kuwa ndiko ushahidi ulikojificha.

Kirundi husema kurera, Kiswahili husema kulea. Ni kitenzi kimoja chenye mavazi mawili. Kutokana nacho Kirundi kimepata indero, neno linalobeba malezi na elimu kwa pamoja, kiasi kwamba ndilo linalotumika katika jina la wizara husika. Kiswahili kimegawa mzigo huo: malezi yakabaki nyumbani, na shule ikapewa elimu, neno lenye asili ya Kiarabu linalotazama ujuzi. Mrundi anayesema mtoto hana indero hazungumzii alama za hisabati. Mtanzania anayesema mtoto hana elimu kwa kawaida anamaanisha hakusoma. Lakini Kiswahili kinapotaka kusema lile ambalo Kirundi hulisema kwa indero, hakikosi njia; husema hana malezi, hana adabu, hakufunzwa na mamaye.

Vivyo hivyo kwa ubuntu na utu. Vivyo hivyo kwa isoni, ile haya inayomzuia mtu kutenda ovyo, ambayo Kiswahili huiita soni katika matumizi yake ya kifasihi. Mahali ambapo lugha hizi zinaachana ni kwenye taasisi. Kirundi kina umushingantahe, mtu mzima anayesimika intahe, fimbo ya hukumu, ardhini na kusema kweli mbele ya pande zote mbili. Anategemewa awe mkweli, mwenye kiasi katika ulevi na maneno, asiyependelea hata nduguye. Kiswahili hakina neno moja la kumtafsiri. Mzee wa baraza anakaribia, kadhi anakaribia kwa upande mwingine. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kukopa, kama lugha zote zinavyofanya, na sioni sababu ya mushingantahe kutokuwa neno la Kiswahili cha Burundi kama vile bwana shamba lilivyo la Kiswahili cha Tanzania.

Shule ya sekondari ilifanya nini na hazina hii? Kwa sehemu kubwa iliipita. Mageuzi ya mwaka 1973 yaliifanya Kirundi kuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi, hatua kubwa ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuthubutu kuichukua. Sekondari ilibaki Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi alivuka kutoka indero kwenda éducation wakati uleule alipovuka kutoka utoto kwenda ujana, umri ambao maswali ya tabia huwa mazito kuliko yote, na akavuka akiwa ameacha nyuma maneno aliyoyatumia kuyauliza.

Miaka ya mtihani

Maadili ya shule hujulikana siku yanapodaiwa. Burundi ilidaiwa mapema. Mwaka 1972, baada ya uasi wa Aprili kusini mwa nchi na mauaji yaliyoambatana nao, dola ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Wanafunzi na walimu walichukuliwa kutoka shule za sekondari na Chuo Kikuu cha Bujumbura, mara nyingine kwa orodha zilizopitia mikononi mwa wenzao. Jean-Pierre Chrétien na Jean-François Dupaquier, katika kitabu chao cha mwaka 2007, wameyaeleza hayo kwa urefu. Kwa mtafiti wa lugha, kinachokaa akilini ni orodha. Orodha ya majina ni zao la shule: mahudhurio, daraja, bweni. Chombo cha malezi kiligeuzwa kuwa chombo cha kuua bila kuhitaji hata kubadilishwa umbo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 1973, mkuu wa Wajesuiti duniani, Pedro Arrupe, alihutubia wahitimu wa shule zao huko Valencia, Hispania. Alisema lengo la elimu yao ni kuunda watu wanaoishi kwa ajili ya wengine, kisha akawauliza kama shule hizo ziliwafundisha haki. Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba hazikuwafundisha. Hakuwa akizungumzia Burundi. Lakini ni vigumu kuisoma hotuba hiyo Bujumbura bila kufikiria madawati yaliyobaki wazi.

Miaka ya 1980 ilileta aina nyingine ya udhalimu. Serikali ya Jean-Baptiste Bagaza iligombana na Kanisa, ikazibana shule za katekesi na kusoma zilizoitwa Yaga Mukama, na mwaka 1986 ikataifisha seminari ndogo. Katika mtihani wa kuingia sekondari, mashahidi wengi wamedai kwamba karatasi za watoto ziliwekwa alama ya U au I ili kumtambulisha Mhutu na Mtutsi. Dai hilo lilikuwa zito kiasi kwamba Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulijishughulisha waziwazi na usawa wa nafasi za elimu na uadilifu wa mitihani. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeshuku kwamba jina lake limesomwa kabla ya jibu lake alikuwa amepata somo la maadili ambalo hakuna mkuu wa shule angeweza kulifuta kwa hotuba.

Kisha vita. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya Kibimba, katikati ya nchi, walichomwa moto hadi kufa. Juni 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa katika kampasi ya Mutanga, Bujumbura. Tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wao, ameandika jinsi shule ilivyokuwa imewazoesha kuzungumza wazi kuhusu hofu zao wao kwa wao, miaka ile ambayo kwingineko hofu ilinong'onwa. Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote tulio nao kwamba malezi ya shule yanaweza kufanya kazi, na tunadhani siri yake ilikuwa katika mazungumzo hayo. Walikuwa na maneno waliyozoea kuambiana.

Wakati huohuo jijini, mitaa iligawanywa kwa damu. Kamenge na Kinama ikawa ya Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga ikawa ya Watutsi. Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na kuigusa Buyenzi pia. Hata hivyo Buyenzi haikugeuka mtaa wa kabila moja. Wakazi wengi walijibu swali la kabila kwa kusema wao ni Waswahili. Tusilipambe jibu hilo kupita kiasi, maana ulikuwa pia ujanja wa kuokoa maisha, na wapo waliokufa hata baada ya kulitoa. Lakini ni ujanja wa namna gani huo? Neno ambalo sekondari ililitumia kumaanisha mtu asiyeaminika lilikuwa mojawapo ya machache jijini ambayo jirani aliweza kuyatumia kumficha jirani.

Kiswahili kinarudi kupitia sokoni

Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili na Kiingereza vimeingizwa katika shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na vinaendelea katika shule ya msingi ya miaka tisa iliyoanzishwa mwaka 2013. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo, ingawa Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya kanda. Sababu inayotolewa kwa wazazi na wanafunzi ni biashara: Kiswahili kitawafungulia Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu. Sababu hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ndiyo pekee, na ni ileile ambayo Wabelgiji walikuwa nayo. Lugha inayoingia darasani kwa mlango wa soko itaketi mahali pa soko.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, ambayo hata anayepinga siasa yake atakubali kwamba ilikuwa tamko la tabia inayotarajiwa kwa mwanafunzi, na kwamba taifa zima lililijadili kwa Kiswahili. Sekondari za Tanzania ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na hilo ni deni lao. Lakini mwalimu wa zamu asubuhi aliwaonya wanafunzi, akawasifu na kuwaaibisha kwa lugha ambayo wazazi wao wangeielewa.

Kwa washauri wa sera wa Burundi tuna mapendekezo machache. Kanuni za ndani za shule za sekondari, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, ziandikwe pia kwa Kirundi na Kiswahili, na ziandikwe upya katika lugha hizo, kwa sababu tafsiri ya neno kwa neno itatupa sheria bila malezi. Vitabu vya Kiswahili vya madarasa ya juu viache kidogo mazungumzo ya dukani na viingize matini za mawaidha na mabishano ya kimaadili, za pwani na za Buyenzi yenyewe, kabla wazee wanaozijua hawajaondoka. Ecole Normale Supérieure, ambako Kirundi na Kiswahili vinafundishwa katika idara moja, ina nafasi ambayo vyuo vingi vya kanda havina. Mwalimu wa lugha zote mbili anaweza kuwaonyesha wanafunzi ndani ya dakika kumi kwamba kurera na kulea ni ndugu, na mwanafunzi wa kilimani na wa mtaani wakagundua kwamba walionywa kwa maneno yaleyale. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeweza kuanza na faharasa linganishi ya istilahi za malezi katika lugha za nchi wanachama, na kwa upande wa Burundi kazi ya kwanza ingekuwa kukubaliana jinsi ya kuandika umushingantahe kwa Kiswahili, na wingi wake.